Uzi: Wanaposema dawa "haipiti ubongoni", wanamaanisha sehemu gani ya ubongo?

#1 Mfamasia_wa_Zamu
Wakuu salaam. Kuna sentensi kuhusu dawa mbili za kuzuia kutapika tunaibeba kutoka vitini hadi wodini: "Domperidoni haipiti kizuizi cha damu na ubongo, ndiyo maana ni salama kuliko metoklopramidi." Ukurasa unaofuata, kitini hicho hicho kinasema domperidoni inazuia kutapika kwa kushika vipokezi vya D2 (vya dopamini) ubongoni. Yote mawili ni kweli, na anayeshika moja tu atampa dawa mgonjwa asiyestahili.

Kizuizi, yaani ukuta wa kapilari za ubongo unaochuja vitu vya damu, hakikujengwa sawasawa kichwa kizima. Eria postrema, kipande kidogo kwenye sakafu ya ventrikali ya nne, sehemu ya chini ya medula, ina kapilari zenye matundu. Domperidoni inafika pale bila shida. Ikielekea striatamu, sehemu ya ndani inayoratibu mwendo, inakuta seli endothelia (za ukuta wa kapilari) zimebanwa kwa protini ya klaudini-5, na pampu ya P-gp inairudisha kwenye damu. Metoklopramidi inaingia kote kuwili. Ndiyo maana binti wa miaka 18 aliyechomwa 10 mg za mishipa harakaharaka anaweza kupinda shingo na macho kukwama juu.

Swali langu kwenu: tofauti hizi za sehemu kwa sehemu zinaeleza magonjwa kwa kiasi gani? Manjano ya kichanga inachagua globasi palidasi (kiini kingine cha ndani cha mwendo), kifafa cha mimba kinachagua nyuma ya ubongo. Ni kizuizi kinachochagua, au ni seli zilizoko pale?

#2 FundiMaabara
Swali zuri. Niweke ramani kwanza tusipotezane.

Sehemu zenye kapilari za matundu: eria postrema, kiungo cha sabfoniko, OVLT (mbele ya ventrikali ya tatu), eminensi ya kati, tundu la nyuma la tezi ya pituitari, na tezi ya pineali. Pleksasi ya koroidi nayo kapilari zake zina matundu, ila pale ulinzi umehamia kwenye seli za epithelia zinazotengeneza maji ya ubongo, takriban nusu lita kwa siku.

Kwa macho inaonekana wazi. Mpe panya rangi ya Evans blue asilimia 2 kwa mshipa, 4 ml kwa kilo, iache izunguke, osha mishipa kwa salaini kupitia moyo mpaka maji yatoke meupe, kisha toa ubongo. Koteksi inabaki nyeupe kama jibini. Pineali, eminensi ya kati na eria postrema zinakuwa bluu. Kama eria postrema haikushika rangi, usisome matokeo mengine yoyote ya mnyama huyo, rangi haikufika.

#3 Viungo_vya_Kati
Orodha ya #2 iongezewe angalizo. Viungo vinavyozunguka ventrikali havifanani vyote: kiungo cha sabkomishura kimo kwenye kundi hilo lakini kapilari zake zimefungwa, kizuizi kipo. Wanafunzi wengi wanaandika "viungo vyote hivi havina kizuizi" na wanakosa alama.

Halafu tusidhani kwamba kwa sababu eria postrema iko wazi, kila kinachoingia pale kinasambaa ubongo mzima. Pembezoni na upande wa ventrikali kuna tanisaiti, seli ndefu zenye viungio vya kubana. Kwenye eminensi ya kati ndizo zinazozuia vitu vya damu visimwagike kwenye ventrikali ya tatu. Kwa hiyo ukuta haukuondolewa, umesogezwa kutoka kwenye kapilari hadi kwenye tanisaiti.

#4 Nesi_wa_Dharura
Naongezea la vitendo kwenye #1. Metoklopramidi 10 mg ya mishipa isukumwe polepole, isipungue dakika 3. Ikitokea misuli imekaza, shingo imepinda, ulimi umetoka au macho yamekwama juu, si degedege wala si mapepo: mgonjwa ana fahamu zake zote na anakusikia. Difenhidramini 25 hadi 50 mg ya mishipa au ya msuli, au benztropini 1 hadi 2 mg. Hakuna? Diazepamu 5 mg ya mishipa taratibu husaidia. Baadaye aendelee na vidonge vya aina ya benzheksoli siku mbili tatu, kwa sababu dawa iliyomdhuru inaweza kubaki mwilini muda mrefu kuliko ile iliyomtibu, na hali inarudi usiku.

Msikimbilie prometazini kirahisi. Ni fenothiazini, nayo inaweza kuleta tatizo lile lile.

#5 Neva_Tulivu
#1 umesema "salama kuliko". Salama kwa striatamu, sawa. Kwa moyo hapana. Domperidoni inarefusha QT, kipimo cha ECG ambacho kikirefuka mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Kikomo ni 10 mg mara tatu kwa siku, kwa kawaida isizidi wiki moja. Isikutane na ketokonazoli, erithromaisini wala klarithromaisini, na kwetu kubwa kuliko hizo: mgonjwa wa ARV za mstari wa pili anayetumia ritonavir. Zote zinafunga CYP3A4, kimeng'enya kinachoivunja, na domperidoni inapanda kwenye damu.

Tena inapandisha prolaktini, maana pituitari iko nje ya kizuizi. Mama anayetokwa maziwa bila kunyonyesha aulizwe kwanza anatumia dawa gani ya tumbo.

Mfano safi wa hoja ya #1 uko kwenye Pakinsoni. Dopamini yenyewe haipiti, levodopa, dawa inayogeuka dopamini, inapita kwa kubebwa na LAT1, kibebaji cha amino asidi. Sehemu inayogeuka dopamini nje ya ubongo inaisisimua eria postrema, mgonjwa anatapika. Kabidopa, inayowekwa kidonge kimoja na levodopa, haipiti kizuizi na ndiyo maana inafaa: inazuia mabadiliko hayo nje tu. Ila inahitaji takriban 75 mg kwa siku kufanya kazi vizuri. Ukimwanzishia mzee nusu kidonge cha 25/100 (kabidopa/levodopa) mara tatu, anapata 37.5 mg ya kabidopa na kichefuchefu tele, halafu familia inasema dawa imemkataa. Na hapo akipewa metoklopramidi, umemrudishia Pakinsoni yake.

#6 Dkt_Vichanga
Nijibu swali la manjano. Maelezo ya kawaida ni kwamba kizuizi cha kichanga hakijakomaa, ndiyo maana bilirubini inapenya. Ukimpa mtoto mwenye manjano antibiotiki ya seftriaksoni, inaisukuma bilirubini itoke kwenye albumini, ile huru inaongezeka na inaingia. Asidi ya damu, maambukizi na uzito mdogo vinaongeza hatari. Tumia sefotaksimu badala yake. Na mama aulizwe kuhusu nguo za mtoto zilizohifadhiwa na nafitalini, kwa mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, zile nguo peke yake zinatosha kuvunja chembe za damu.

#7 Viungo_vya_Kati
Dkt, kwenye tiba niko nawe. Kwenye "hakijakomaa" napinga. Viungio vya kubana kwenye kapilari za ubongo vinafanya kazi tangu mimba ikiwa changa, protini za damu hazivuji ovyo kwa kijusi. Kilicho pungufu kwa kichanga, hasa njiti, ni pampu za kutoa kama P-gp, na bilirubini ni mojawapo ya vinavyotolewa nayo.

Pili, kama ni kuvuja, mbona inachagua? Globasi palidasi, kiini cha sabthalamiki, hipokampasi, viini vya kusikia kwenye shina la ubongo. Majaribio ya miaka ya 1980 yalifungua kizuizi cha upande mmoja wa ubongo wa panya kwa sukari nzito ya arabinosi, kisha wakapewa bilirubini. Upande ule uliofunguliwa ukawa njano kwa jumla, si viini vichache. Kwa hiyo kuvuja tu hakutoi picha tunayoiona kwa watoto.

#8 Dkt_Vichanga
Basi eleza kinachochagua.

#9 Viungo_vya_Kati
Bilirubini huru inayeyuka kwenye mafuta, inapita karibu kila mahali. Tofauti ni uwezo wa kila sehemu kuiondoa na kuivunja. Kwa panya wa Gunn, wanaozaliwa bila kimeng'enya cha kuichakata, koteksi inajisafisha mapema, lakini serebela na kolikuli za chini (vituo vya njia ya kusikia) zinabaki nayo. Na ndizo zinazoharibika.

#10 Mpiga_Picha_MRI
Niingilie kati hapa. Kwenye MRI ya mtoto aliyepungukiwa hewa wakati wa kuzaliwa, kinachoumia zaidi ni putameni ya nyuma na thalamasi ya pembeni. Wa manjano ni globasi palidasi na sabthalamiki. Mapema angalia T1 ing'ae pale, baada ya miezi inahamia T2 (T1 na T2 ni aina za picha za MRI). Sumu ya moshi wa jiko la mkaa nayo inapiga globasi palidasi, na kabonimonoksidi ni gesi, haiombi ruhusa kwa kizuizi chochote. Kiini hicho kinaumia kwa sababu nyingi tofauti. Mimi naelekea upande wa seli zenyewe na njaa yake ya nishati.

#11 Dkt_Vichanga
Moshi unaua kwa kukosesha oksijeni na nishati. Hiyo haithibitishi kwamba bilirubini inafuata njia ile ile. Na mbona njiti mgonjwa anaumia kwa kiwango cha bilirubini ambacho mtoto mzima aliyetimiza miezi anakivumilia? Seli ni zile zile. Kilichobadilika ni albumini, asidi na hali ya mishipa. Kizuizi hakitoki kwenye hoja kirahisi hivyo.

#12 Mkunga_Mwandamizi
Uzi umenoga. Upande wa kifafa cha mimba: uvimbe unaoonekana nyuma, oksipitali na parietali, una maelezo matatu yanayoshindana.

La kwanza, presha inazidi uwezo wa mishipa kujirekebisha, kapilari zinalazimishwa kufunguka, na nyuma ndiko kunakoshindwa mapema kwa sababu mishipa ya vetebra na basila ina neva chache za simpathetiki kuliko ya mbele. La pili, kondo la nyuma linatoa vitu vinavyochokoza endothelia, kizuizi kinalegea hata bila presha kubwa. La tatu, mishipa inajikaza, damu inapungua, ndipo inavuja. La kwanza peke yake halitoshi, kwa sababu kinamama wengine wanapata degedege presha ikiwa 140/90, na wengine wanafika 200 hawapati.

Kitandani: magnesiamu salfeti 4 g ya mishipa. Chukua 8 ml ya asilimia 50, changanya na 12 ml za maji ya sindano upate 20 ml ya asilimia 20, sukuma kwa dakika 5 au zaidi. Papo hapo 5 g kila tako, pamoja na linyokeini 1 ml kwenye kila sindano. Kisha 5 g kila saa 4, ukibadilisha tako, hadi saa 24 baada ya kujifungua au degedege la mwisho, lolote litakalochelewa. Kabla ya kila dozi hakikisha goti linaruka, pumzi ni 16 au zaidi kwa dakika, na mkojo umefika angalau 100 ml kwa saa 4. Goti likinyamaza, simamisha. Pumzi ikizama, kalsiamu glukoneti 1 g, yaani 10 ml ya asilimia 10, taratibu, na msaidie kupumua.

#13 Mwanafunzi_MD4
Asante mama. Kwa hiyo magnesiamu ndiyo inashusha presha na kuziba kizuizi?

#14 Mkunga_Mwandamizi
Hapana mwanangu, usiitegemee kwa presha. Ikifika 160/110 mpe dawa yake: haidralazini 5 mg ya mishipa polepole, labetaloli, au nifedipini 10 mg ya kumeza, na usiishushe ghafla, mtoto tumboni anategemea damu hiyo. Magnesiamu inazuia degedege. Jaribio kubwa la Magpie la 2002 lilionyesha inapunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu kwa wenye dalili za awali za kifafa cha mimba. Kama inafanya hivyo kwa kulegeza mishipa, kwa kutuliza neva au kwa kulinda kapilari, hapo wataalamu hawajakubaliana.

#15 Mpiga_Picha_MRI
Kwenye #12 nakazia jambo: "nyuma" si sheria. Tunaona pia mbele, serebela, shina la ubongo na ganglia za chini. Ukiandika ripoti ya "hakuna" kwa sababu oksipitali ni safi, umemkosesha mama tiba.

#16 Mfamasia_wa_Zamu
Nashukuru, hii ndiyo mijadala niliyoitaka. Turudi kidogo kwenye eria postrema. Kuna ugonjwa mwingine unaoanzia pale?

#17 Neva_Tulivu
Upo, na unapotezwa sana. Neuromailitisi optika, ugonjwa wa kinga unaopiga neva za macho na uti wa mgongo. Kingamwili inashambulia akwaporini-4 (AQP4), mlango wa maji kwenye seli, na eria postrema ina akwaporini-4 nyingi na kapilari zisizofungwa, kwa hiyo kingamwili inafika bila kikwazo. Mgonjwa anakuja na kwikwi, kichefuchefu na kutapika visivyokata zaidi ya saa 48, mara nyingi wiki kadhaa. Anapelekwa endoskopi, anapewa omeprazoli, anapimwa H. pylori. Baadaye anapofuka jicho au miguu inakufa. Vigezo vya kimataifa vya 2015 vinautambua ugonjwa wa eria postrema kama mojawapo ya dalili kuu sita.

Kwikwi ya siku nyingi isiyo na sababu ya tumbo, figo wala diafragma: omba MRI ya medula na kipimo cha kingamwili ya AQP4.

#18 Mpiga_Picha_MRI
Na mkiomba, andikeni "medula, vipande vyembamba". FLAIR (picha ya MRI inayozima mng'ao wa maji) ya kawaida inadanganya pale kwa sababu ya maji yanayotembea kwenye ventrikali ya nne. Ongeza T2 ya sajito. Kuhusu gadolini, dawa ya mshipa ya kung'arisha picha: pituitari, pineali, pleksasi ya koroidi na eria postrema zinaweza kung'aa kwa mtu mzima wa afya. Nimesoma ripoti za "uvimbe mdogo wa ventrikali ya nne" ambao ni eria postrema ya kawaida, ndogo, ya pande mbili zinazolingana.

#19 Mbung'o_Tracker
Hamjaitaja malale! Kwa panya, trypanosoma wanaonekana mapema kwenye pleksasi ya koroidi na viungo hivi hivi visivyo na kizuizi, kabla ya koteksi. Ndiyo maana wengine wanaona usingizi kuvurugika na homoni kuyumba kunaanzia pale, maana haipothalamasi iko jirani.

Kambi nyingine inasema wadudu wanapita wenyewe kwenye vena ndogo za ubongo wakifuata njia ya seli nyeupe. Kwa mgonjwa, swali ni lile lile: hatua ya kwanza au ya pili? Seli zaidi ya 5 kwa mikrolita kwenye maji ya mgongo, au mdudu kuonekana, ni ya pili. Suramini haiingii ubongoni kiasi cha kutosha, haitibu hatua ya pili. Melasoproli inaingia lakini ni arseniki, inaweza kuua kwa kuvimbisha ubongo. Tangu 2024 WHO inapendekeza feksinidazoli ya kumeza kwa aina ya rhodesiense, ambayo ndiyo yetu ya Tanzania. Lazima imezwe na chakula, la sivyo haifyonzwi ipasavyo.

#20 FundiMaabara
Trypanosoma kwenye pleksasi bado wako upande wa damu wa epithelia. Kuwaona pale hakumaanishi wamevuka. Kabla ya kusema "wameingia", onyesha wako ndani ya ventrikali au kwenye tishu.

Na hapa kuna kosa la maabara linalozaa madai mengi ya "kizuizi kimelegea hipokampasi". Evans blue inashikana na albumini, kwa hiyo unapima kitu cha takriban 68 kDa (68,000 Da, kipimo cha uzito wa molekuli), na sehemu isiyoshikana inapita kwa sheria nyingine. Ukitumia sodiamu fluoresini, ya 376 Da, utaona uvujaji mdogo ambao albumini haitauonyesha. Zote zinategemea kuosha. Sehemu yenye kapilari nyingi ikibaki na damu kidogo, inasomeka kama imevuja. Mada ya kijivu ina kapilari nyingi kuliko nyeupe, kwa hiyo ukilinganisha kipande na kipande kwa gramu bila kusahihisha ujazo wa damu, umepima wingi wa mishipa. Pima tishu, loweka kwenye fomamaidi nyuzi 55 hadi 60 kwa saa 24, zungusha kwenye sentrifuji, soma 620 nm, na uwe na mnyama ambaye hakupewa rangi kwa ajili ya kutoa usuli.

#21 Viungo_vya_Kati
Hapo umenena. Lakini si kila dai la hipokampasi ni uchafu wa maabara. MRI za gadolini kwa watu hai, zilizochapishwa 2015, zilionyesha hipokampasi inavuja zaidi kadiri umri unavyosonga, hasa CA1 na jairasi ya dentate, na zaidi kwa wenye kumbukumbu iliyoanza kudhoofika. Kiasi cha kuvuja kiliendana na alama za kuumia kwa perisaiti (seli zinazokumbatia kapilari) kwenye maji ya mgongo.

#22 FundiMaabara
Kuendana hakutoshi. Uvujaji unaopimwa kwa mtindo huo ni mdogo mno, uko karibu na kelele za mashine. Mgonjwa akitikisika kidogo au skana ikiyumba, namba inabadilika. Kwa MRI ya namna hiyo nataka kuona dakika 15 au zaidi za kupima baada ya gadolini, na mtu huyo huyo amerudiwa siku nyingine.

#23 Mwanafunzi_MD4
Samahani wakuu, uti wa mgongo uko upande gani? Mbona dawa za kansa, sisplatini na vinkristini, zinaua hisia za miguu lakini kichwa kinabaki salama?

#24 Neva_Tulivu
Uti wenyewe una kizuizi, ingawa kwa vitu kadhaa kinapitisha zaidi kuliko cha ubongo. Unachokiona na sisplatini kiko hatua moja nje: ganglia za mizizi ya nyuma, zinapokaa seli za hisia. Kapilari zake zina matundu, platini inajikusanya pale. Ndiyo maana ganzi inaanza vidoleni na nguvu za misuli zinabaki, maana seli za neva zinazoendesha misuli ziko ndani ya uti. Vinkristini inaharibu mirija ndani ya neva ndefu, kwa hiyo inapiga hisia na nguvu. Usizichanganye kwenye mtihani. Na sisplatini ina tabia mbaya ya kuendelea kuharibu miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho, mwambie mgonjwa mapema asidhani kansa imerudi.

#25 Mkunga_Mwandamizi
Nami niulize. Kutapika kwa ujauzito kunakozidi, siku hizi wanataja GDF15. Na yenyewe ni eria postrema?

#26 Mfamasia_wa_Zamu
Ndiyo mama. Kipokezi chake, GFRAL, kwa kadiri inavyofahamika kiko eria postrema na jirani yake, kiini cha njia ya solitari, basi. GDF15 ni protini, isingepita kizuizi cha kawaida, na pale haihitaji kupita. Kazi zilizochapishwa mwishoni mwa 2023 zilionyesha kwamba mama aliyekuwa na GDF15 kidogo kabla ya mimba ndiye anayeumia zaidi ikipanda kutoka kwenye kondo. Kwa sasa tiba inabaki ile ile: maji, potasiamu, na thiamini kabla ya dripu ya glukosi.

#27 Dkt_Vichanga
Viungo_vya_Kati, sijakuacha. Umesema koteksi ya panya wa Gunn inajisafisha mapema. Inajisafisha kwa kuisukuma bilirubini irudi kwenye damu kupitia pampu za kapilari, au kwa kuivunja ndani ya seli? Kama ni pampu, tumerudi kwenye kizuizi.

#28 Viungo_vya_Kati
Vimeng'enya vya kuivunja vinapanda kwenye koteksi, hilo limepimwa. Pampu nazo zipo. Kutenganisha mchango wa kila kimoja kunahitaji panya wa Gunn asiye na P-gp, apimwe sehemu kwa sehemu na siku kwa siku. Mpaka hapo, mimi nabaki na seli.

#29 Dkt_Vichanga
Nami nabaki na kapilari. Leteni data.